Kumchora Farasi kwa Rangi za Mafuta: Asimame Kwanza, Ang'ae Baadaye

Farasi wangu wa kwanza niliyemchora kwa rangi za mafuta aling'aa kuliko farasi wa kweli. Nilikuwa nimetumia wiki tatu kwenye manyoya yake, singa zake zilipepea unywele mmoja mmoja, na jicho lake lilikuwa na nuru mbili ndogo ambazo nilijivunia sana. Nilimwonyesha picha hiyo saisi mmoja ambaye amewatunza farasi tangu ujanani. Aliitazama kimya kwa muda, kisha akaniambia: "Ndugu yangu, huyu ni mzuri, lakini akipiga hatua mbili ataanguka." Alionyesha mguu wa nyuma, na mara moja nikaona kwamba ulikuwa umechomekwa mahali ambapo haukuwa na mzigo wowote wa kubeba. Tangu siku hiyo nafuata utaratibu mmoja, nao ndio nitakaoueleza hapa: farasi asimame kwanza, na kung'aa kutafuata.

Kazi huanza mbali na rangi. Kwa aliye Nairobi, uwanja wa mbio za farasi wa Ngong ni mahali pazuri pa kuanzia, hasa kwenye ule uzio ambamo farasi huzungushwa taratibu kabla ya mbio, kwa sababu hapo mtu huweza kumwona mnyama yuleyule akipita mbele yake mara nane au kumi katika mwendo uleule. Beba daftari na penseli laini, au mkaa, na usijaribu kumaliza picha yoyote. Mstari mmoja wa shingo, mmoja wa mgongo, minne ya miguu, kisha fungua ukurasa mwingine. Farasi akizunguka tena, mguu uliokuwa umeukosa utarudi mbele yako ukiwa katika hali ileile, nawe utausahihisha. Michoro ishirini ya aina hiyo, hata ikiwa mibaya, hufundisha zaidi kuliko picha moja iliyonakiliwa kwa uangalifu kutoka kwenye simu.

Asiye na farasi karibu asikate tamaa. Mbung'o na maradhi viliwazuia farasi kuenea katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki, lakini punda wako kila mahali, na mchoraji wa Lamu anao mlangoni pake. Mifupa ya miguu ya punda imepangwa kama ya farasi, kwa hiyo zoezi la miguu litakufaa vilevile. Jihadhari tu unapohamia kwa farasi: kichwa cha punda ni kikubwa zaidi kwa kulinganisha na kiwiliwili, na mwinuko ule ulio juu ya mabega, mahali ambapo shingo ya farasi hukutana na mgongo, kwa punda hauonekani sana.

Sasa tuje kwenye miguu, ambako picha nyingi huharibikia. Mchoraji anayeanza huona "goti" la mguu wa mbele na kulipinda kama goti la mtu, kisha huona kiungo kilichojikunja kinyume katika mguu wa nyuma na kudhani kwamba farasi ana magoti yanayopinda kinyumenyume. Ukweli ni kwamba kile kinachoitwa goti la mbele ni sawa na kifundo cha mkono wako, na kile kiungo cha nyuma kinachochongoka ni kisigino. Goti halisi la mguu wa nyuma liko juu, karibu na tumbo, na kiwiko cha mbele kimebanwa ubavuni. Maana yake ni kwamba farasi anatembea kwa ncha ya kidole kimoja katika kila mguu, na ukwato ni ukucha wa kidole hicho. Jaribu mwenyewe: simama kwa ncha za vidole, inama, uguse meza kwa ncha za vidole vya kati vya mikono. Utahisi papo hapo ni wapi uzito unapokaa na ni viungo vipi vinavyojikaza.

Chini ya goti la mbele na chini ya kisigino hakuna msuli, bali mfupa, kano na ngozi tu. Ukichora sehemu hiyo ikiwa nene na laini, farasi wako atakuwa amevaa soksi. Jambo jingine ambalo lilinichukua miaka kulielewa ni kwamba farasi hana mtulinga: miguu ya mbele haikuunganishwa na kiwiliwili kwa mfupa, bali kifua kinaning'inia katikati ya mabega kwa misuli na kano, kama mtu aliyelala katika machela. Ndiyo maana bega la farasi huteleza mbele na nyuma anapotembea, na ndiyo maana mstari wa bega lazima uchorwe kwa mshazari, kamwe usiwe wima. Tena, miguu hiyo ya mbele ndiyo inayobeba sehemu kubwa zaidi ya uzito, takriban asilimia 60, wakati miguu ya nyuma kazi yake kubwa ni kusukuma.

Mwingereza George Stubbs, mzaliwa wa Liverpool mwaka 1724, aliyajua haya kuliko mchoraji yeyote wa zama zake, na aliyapata kwa njia ambayo wengi wetu hatungeiweza. Mnamo mwaka 1756 alikodi nyumba ya shamba huko Horkstow, Lincolnshire, na kwa muda wa miezi 18 hivi akawa anachuna na kupasua mizoga ya farasi, akiining'iniza kwa kulabu ili ikae kana kwamba inasimama, akichora tabaka baada ya tabaka, kuanzia ngozi, kisha misuli, mpaka akafika kwenye mifupa mitupu. Kitabu kilichotokana na kazi hiyo kilichapishwa mwaka 1766. Sisi tunaweza kujifunza kutokana na michoro hiyo bila kuuvumilia uvundo.

Kwa vipimo, kichwa cha farasi ndicho rula yako. Urefu wa kichwa chake, kuanzia utosini hadi mdomoni, ukirudiwa mara mbili na nusu hukupa takriban kimo chake hadi kwenye ule mwinuko wa mabega, na vilevile hukupa urefu wa mwili kuanzia mbele ya bega hadi mwisho wa matako. Kwa hiyo mwili na miguu, ukiacha shingo na kichwa, huingia katika mraba. Kuna farasi warefu na wafupi, lakini chora mraba huo kwanza, na uuache pale tu macho yako yanapokulazimisha.

Picha za kamera zinasaidia, ila ziogope kidogo. Simu iliyoshikwa karibu hukuza kichwa na kupunguza makalio. Rudi nyuma hatua nyingi kabla ya kupiga. Faida kubwa ya kamera ni kwa farasi anayekwenda shoti. Kabla ya mwaka 1878, wakati mpiga picha Eadweard Muybridge alipopanga kamera 12 kwenye njia ya farasi huko Palo Alto, California, wachoraji wengi walimwonyesha farasi wa mbio akiwa ameinyoosha miguu yote minne hewani, miwili mbele na miwili nyuma, kama mchoraji Mfaransa Théodore Géricault alivyofanya mwaka 1821 katika picha yake ya mbio za Epsom, Uingereza, iliyoko katika jumba la makumbusho la Louvre, Paris. Picha za Muybridge zilithibitisha kwamba katika shoti kuna nukta ambapo kwato zote zimeachana na ardhi, lakini wakati huo miguu imekusanyika chini ya tumbo. Hata hivyo, kwa picha zako za kwanza ningekushauri uachane na mbio. Chora farasi aliyesimama, au anayekwenda hatua za kawaida, kwa kuwa huko hakuna vumbi la kufichia makosa.

Kuhusu vifaa nitakuwa mfupi. Tafuta kanvasi ya kitani au ya pamba iliyokwisha kupakwa praima, yaani tabaka la kuandalia uso kabla ya rangi, au hadibodi iliyopigwa msasa na kupakwa praima mara mbili. Brashi za manyoya magumu zenye ncha bapa zitafanya kazi karibu yote; moja nyembamba na laini inatosha kwa jicho na hatamu. Rangi sita zinatosha: nyeupe ya titani, oka ya manjano (rangi ya udongo), siena iliyochomwa (hudhurungi nyekundu), amba iliyochomwa (hudhurungi nzito), buluu ya ultramarini na nyeusi. Nyeupe ya zinki iepuke kama rangi ya msingi kwa kuwa hukauka na kuwa tete, na baada ya miaka hupasuka. Usitumie thina ya duka la vifaa vya ujenzi mahali pa tapentaini ya wachoraji, maana ni kali, mvuke wake ni mbaya, na huijui imechanganywa na nini. Hata tapentaini safi itumie dirisha likiwa wazi.

Hatua ya kwanza juu ya kanvasi ni mchoro wa mkaa, mistari michache, ukianza na mstari wa ardhi. Narudia: mstari wa ardhi kabla ya farasi. Weka alama mahali ambapo kila ukwato utatua, kisha teremsha mstari wima kutoka kwenye ule mwinuko wa mabega uone unaangukia wapi kati ya kwato. Ukiangukia nje ya miguu ya farasi aliyesimama, sahihisha sasa, kwa sababu baadaye utakuwa umeipenda mno picha yako hata usiweze kuifuta.

Kisha punguza amba kwa tapentaini peke yake mpaka iwe nyepesi kama chai ya rangi, uipake juu ya farasi mzima, halafu chukua kitambaa safi na ufute mahali penye mwanga: juu ya mgongo, juu ya makalio, upande mmoja wa shingo, taya. Ongeza amba nzito kidogo mahali penye kivuli: chini ya tumbo, ndani ya mapaja, nyuma ya kiwiko. Sasa una ngazi tatu tu, yaani mwanga, wastani na giza, wala hakuna rangi nyingine. Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi kuliko mahali pengine popote. Geuza kanvasi juu chini, au itazame katika kioo. Farasi asiyeweza kusimama atajifichua. Chora na kivuli chake ardhini wakati huuhuu, kwa amba ileile, ili kivuli na ukwato vizaliwe pamoja. Amba hukauka haraka, kwa kawaida siku moja au mbili, kwa hiyo subira hii si ndefu.

Tabaka la pili ndilo la rangi, na kanuni yake ni kwamba kila tabaka liwe na mafuta mengi kuliko lililo chini yake, kwani likiwa kinyume, la juu litakauka mapema na kupasuka wakati la chini bado linajongea. Mimi hutumia kijiko kimoja cha mafuta ya kitani kwa vijiko viwili vya tapentaini katika tabaka hili, na sawa kwa sawa katika la mwisho. Tuchukue farasi wa hudhurungi mwenye miguu, singa na mkia mweusi. Wengi huchanganya hudhurungi moja, wakaiongezea nyeupe kwa mwanga na nyeusi kwa kivuli, wakapata farasi wa plastiki. Ngozi ya farasi aliyesuguliwa vizuri ni karibu na kioo: mgongo wake unaakisi anga, hivyo mwanga wa pale juu si hudhurungi iliyopauka, bali ni kijivu cha buluu, yaani nyeupe yenye chembe ya ultramarini. Ubavuni, mahali ambapo ngozi haielekei anga wala ardhi, ndipo utakapoiona rangi yake halisi, siena iliyochanganywa na oka. Tumboni kivuli kinapokea rangi ya joto kutoka ardhini, na ardhi ikiwa nyekundu kama ya Nairobi, weka siena tupu mle gizani, utaona tumbo linavyoviringika. Nyeusi ya miguu nayo isiwe nyeusi ya chupa. Ultramarini na amba huzaa nyeusi hai zaidi.

Paka kwa kufuata umbo la msuli, si kwa kufuata manyoya. Manyoya mafupi ya farasi hayaonekani ukisimama hatua nne, na picha hutazamwa kutoka hatua nne. Singa na mkia vichore kama mafungu yenye uzito, kisha mwishoni vuta nywele tatu au nne tu zilizotoroka. Jicho liko ubavuni mwa kichwa na mboni yake imelala kwa ulalo. Nuru moja inatosha, na iwe upande uleule unaotoka mwanga wa picha nzima.

Mandhari ya nyuma wengi huyakimbilia ili kumpa farasi mahali pa kukaa. Ukipata nafasi ya kufika National Gallery, jumba la picha huko London, simama mbele ya Whistlejacket, farasi ambaye Stubbs alimchora mnamo mwaka 1762. Kanvasi inakaribia mita tatu kwa kimo, farasi ameinuka kwa miguu ya nyuma, na nyuma yake hakuna mti, kilima wala anga, ila rangi moja tu iliyotulia. Penye kwato za nyuma pana vivuli viwili vidogo. Uzito wote wa mnyama yule umebebwa na miguu miwili na vivuli hivyo.

Picha ikikamilika, iache ikauke mahali penye hewa pasipo vumbi, na usiipake vanishi kabla ya miezi sita. Iliyopakwa rangi nene ingoje mwaka mzima. Andika tarehe nyuma ya kanvasi ili usidanganywe na haraka yako. Vitambaa vilivyolowa mafuta ya kitani usivirundike pembeni wala kuvitupa kwenye ndoo ya taka, kwa sababu mafuta hayo yanapokauka hutoa joto na rundo linaweza kuwaka lenyewe. Vitandaze nje kimoja kimoja mpaka vikakamae, au viweke ndani ya kopo la chuma lenye maji na kifuniko.