Kumchukua teria mkubwa: kagua geti lako kabla ya kumkagua mbwa

Siku nilipomleta Ndevu nyumbani Waithaka, jirani yangu Mama Shiro aliniuliza kama nimenunua mbuzi. Sikumlaumu. Mbwa alikuwa na manyoya magumu kama katani, kidevu kinachodondosha maji, mgongo mweusi na miguu ya rangi ya chai ya maziwa. Kabla jua halijazama alikuwa ameshaua kuku wawili wa kienyeji wa huyo huyo Mama Shiro. Nililipa elfu tatu, na haya ninayokuandikia nimeyapata kwa bei hiyo.

Ndevu ni mbwa wa aina ya Airedale, au ana damu nyingi ya Airedale, karatasi hana. Huyo ndiye mkubwa wa jamii yote ya teria, mbwa wa kuwinda na kuchimba: dume husimama sentimita 58 hadi 61 begani. Asili yake ni bonde la mto Aire, Yorkshire, kule Uingereza, ambako katika karne ya 19 watu wa kazi walichanganya teria wa kawaida na mbwa wa kuwinda fisi maji, wakapata mmoja anayeweza panya wa kingo za mto na kuogelea pia. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia jeshi la Uingereza lilimtumia kupeleka ujumbe. Jina teria lenyewe linatokana na neno la Kilatini la ardhi, kwa sababu ni mbwa wa kumfuata mnyama hadi shimoni. Sasa chukua kiumbe huyo, mfungie bandani mchana kutwa, umfungulie usiku alinde, kama tunavyopenda kufanya hapa Nairobi. Atautafuna mlango wa banda. Atabweka mpaka mwenye nyumba akupigie simu. Mwisho utamrudisha ulikomtoa, naye atakuwa ameharibika zaidi ya alivyokuja.

Kwa hiyo anza na ua wako. Mimi ni fundi wa kuchomelea mageti, na nakiri kwamba mageti yetu mengi yana nafasi ya vidole vinne chini ili yasikwame kwenye mawe. Wewe unaona vidole vinne, teria anaona mlango. Nilichomelea bomba la inchi mbili chini ya geti langu, kisha nikamwaga zege chini yake. Kayaba, ule ua wa miiba, inamtisha mwizi lakini kwenye mashina ina mianya; piga magoti uizunguke ploti yako yote, utashangaa. Pale penye mwanya fukia wavu mzito futi moja na nusu kwenda chini, au panga mawe ya ujenzi bega kwa bega. Wavu wa kuku usijisumbue nao. Udongo wetu mwekundu ukishanyeshewa mvua ya Aprili unachimbika kama ugali, na kwenye nepia kuna fuko, mnyama ambaye kwa teria ni sawa na kumwita kwa jina. Usipigane na kuchimba kwenyewe. Nilimpa Ndevu kona yake nyuma ya tangi la maji, nikalegeza udongo kwa jembe, nikawa namfukia mpira humo kila asubuhi. Maboga ya mke wangu yamepona.

Ua ukiwa tayari, ndipo uende kumtafuta. Wengi huanzia kwa KSPCA, shirika la kutunza wanyama, Lang'ata Road upande wa Karen. Popote utakapokwenda, mara ya kwanza waache watoto nyumbani, maana watoto humchagua anayewalamba. Watakuuliza maswali: umepanga au ni kwako, mwenye nyumba ameruhusu, nani hubaki nyumbani mchana. Huenda wakataka kuja kuona unapoishi. Usikasirike, mahali wanapokukabidhi mbwa mkubwa bila kukuuliza kitu ndipo pa kuogopa.

Nawe uliza yako. Ameletwa kwa sababu gani? Amewahi kuishi na paka, na kuku, na watoto? Amehasiwa? Kadi ya chanjo iko wapi? Mimi niliambiwa wenyewe walirudi kwao baada ya mkataba wa kazi kuisha, na kwamba hana tabia mbaya yoyote. Ilikuwa kweli kabisa. Aliishi Kileleshwa, na Kileleshwa hakuna kuku wa kutembea barabarani. Kwa hiyo sikiliza pia kile ambacho hakuna anayeweza kukijua. Omba umtoe nje kwa kamba, umpitishe karibu na mbwa wengine, na akishamkazia macho mmoja, muite. Kuvuta si neno, watavuta wote. Tazama kama sikio lake hata moja linageuka kwako. La Ndevu liligeuka, kwa shida, mara ya tatu. Nilirudi tena wiki iliyofuata nikamjaribu upya kabla ya kutia sahihi.

Usafiri upange mapema. Kondakta wa matatu hatakubali, na akikubali abiria hawatakubali. Nilikodi Probox ya rafiki, nikatandika gunia nyuma. Kosa langu lilikuwa pale kwenye uchochoro wetu: nilifungua mlango wa gari nje ya geti, Ndevu akarudi nyuma hatua mbili, ukanda wa shingoni ukamvuka kichwa, na Mama Shiro alikuwa amewafungulia kuku wake. Basi ingiza gari ndani, funga geti, ndipo ufungue mlango. Na mbwa avae kamba mbili, moja ya shingoni na moja ya kifuani, kwa wiki kadhaa kila mnapotoka.

Siku tatu za kwanza usimwite mtu yeyote kuja kumwona. Usimwogeshe. Mpe maji, kivuli na mahali pa kujificha, umwache akutazame. Ndevu alilala chini ya meza yangu ya kazi na hakugusa chakula mpaka siku ya pili jioni. Kuna jambo lingine lililonichukua muda kulielewa: alikuwa anajua Kiingereza tu. Nilimwambia "kaa" mpaka nikachoka, binti yangu akapita akamwambia kwa Kiingereza, mbwa akakaa kitako kama mwanafunzi. Tulitamka yote mawili pamoja kwa siku chache, Kiswahili kwanza, na sasa anajua "kaa", "njoo", "acha" na "toka jikoni".

Kazi kubwa ni mbio. Saa kumi na moja na nusu alfajiri tunatoka, kabla pikipiki hazijaanza kujaa, na tunarudi baada ya saa nzima. Jioni tunatembea nusu saa. Jumapili tunakwenda msitu wa Karura, ambako mbwa wanaruhusiwa wakiwa kwenye kamba. Nilikuwa na kitambi. Lakini miguu peke yake haimchoshi mbwa wa namna hii, ni lazima kichwa pia kifanye kazi. Dakika kumi za mafunzo kwa vipande vya maini yaliyochemshwa zinamchosha kuliko kilomita tatu. Ficha chakula chake kwenye chupa ya plastiki iliyotobolewa. Vuteni kamba, kisha sema "acha", na akiacha mrudishie mchezo. Akigundua kwamba kuacha si kunyang'anywa, siku atakayookota mfupa barabarani hutalazimika kumkimbiza. Hilo la kumkimbiza usilifanye kamwe, utakuwa umeanzisha mchezo anaoupenda kuliko yote, na atashinda.

Chakula hakina mambo mengi. Mapafu na mabaki ya bucha ni sawa yakichemshwa vizuri, kwa sababu mabichi huleta minyoo inayoweza kuhamia kwa watu. Mchuzi wenye vitunguu, chokoleti na mifupa ya kuku iliyopikwa, hapana. Gawa chakula mara mbili kwa siku na usimkimbize akiwa ameshiba: mbwa wa kifua kirefu tumbo lake linaweza kujaa hewa na kujipinda. Ukiona tumbo limevimba na anajaribu kutapika bila kitu kutoka, hiyo ni safari ya kwenda kwa daktari wa wanyama saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane.

Chanjo ya kichaa cha mbwa hurudiwa kila mwaka. Kupe nao ni vita ya daima. Hujificha masikioni na katikati ya vidole, na manyoya yale magumu huwaficha mpaka wanenepe. Akikataa chakula, fizi zikapauka au mkojo ukawa mweusi, usingoje kesho, hiyo huenda ni homa ya kupe. Na tafadhali, ile dawa ya kuogeshea ng'ombe ambayo kila boma la Dagoretti linayo, usimmwagie mbwa kwa kukisia kipimo. Inaweza kumuua. Daktari akupe dawa ya mbwa, kwa uzito wa mbwa.

Manyoya hayapukutiki sana, lakini yanahitaji kuchanwa mara mbili kwa wiki, na yaliyokufa kung'olewa kwa vidole au kunyolewa kila baada ya miezi miwili au mitatu. Mara ya kwanza niliazima mashine ya kinyozi wa hapa kwetu bila kumwambia ni ya kichwa cha nani. Mashine ilikwama mgongoni ikafa, Ndevu akabaki na mstari kama barabara ya lami, nami nikanunua mashine mpya. Sasa kinyozi mwenyewe humnyoa mlangoni pangu baada ya kufunga kazi, kwa mia tatu, kwa ile mashine ya zamani tuliyoitengeneza. Ndevu anasimama kimya mpaka Mama Shiro apite na kapu la mayai.