Kugawa hifadhi na kutoa nakala pacha kwenye seva ya ofisi ya korosho, Mtwara

Usirundike kila kitu kwenye fungu moja (dataset, yaani sehemu ya hifadhi). Seva ikiwa na ZFS (mfumo wa kusimamia diski na faili) na hifadhi kuu inaitwa ghala, tenga data ya mizani na ya malipo, kisha wekea kila fungu kikomo cha nafasi, kwa mfano la malipo:

zfs create ghala/malipo
zfs set quota=200G ghala/malipo

Kabla msimu haujaanza Oktoba, programu mpya ya malipo isijaribiwe kwenye data halisi. Hiyo ni hela ya mkulima. Simamisha hifadhidata, piga picha ya papo (snapshot, hali ya data ilivyo wakati huo), washa hifadhidata tena, kisha toa pacha (clone, nakala unayoweza kuibadilisha) na uishirikishe kwenye mtandao wa ofisi kwa NFS (njia ya kompyuta kutumia folda za seva):

zfs snapshot ghala/malipo@kabla
zfs clone ghala/malipo@kabla ghala/jaribio
zfs set sharenfs="rw=@192.168.1.0/24" ghala/jaribio

Hata gigabaiti 150 huchukua sekunde chache, kwa sababu data hainakiliwi: pacha husoma bloku (vipande vya data kwenye diski) zilezile, na nafasi huliwa na mabadiliko tu. Kwenye kompyuta ya mhasibu unganisha seva:/ghala/jaribio yenyewe. Kwa NFS toleo la 3, hata /ghala nayo ikishirikishwa, ukiiunganisha hiyo pekee utakuta folda tupu, maana kila fungu ni mfumo wa faili unaojitegemea.

Picha @kabla haifutiki wakati pacha bado ipo. Maliza jaribio, futa pacha kwanza.

Pacha si nakala ya akiba: diski zikifa, vyote vinakufa. Akiba ipelekwe seva nyingine, tuseme ya Lindi. Mara ya kwanza ibebe kwenye diski ya nje. Baada ya hapo zfs send -i hutuma mabadiliko tu.