Dai lako linasimama au umepaza sauti tu?
Juzi mdogo wangu kaniletea insha yake nimpitishie macho kabla hajaipeleka shule, sentensi ya kwanza kabisa: "Ni ukweli usiopingika kwamba mafuriko ya Dar yanasababishwa na takataka." Chini kabandika picha ya mtaro wa kwao Tandale umejaa chupa za maji, alafu ukurasa mzima analaumu watu. Nikamwambia dogo, hapa bado hujatetea kitu.

Tuanze na dai lenyewe. "Dar kuna mafuriko" sio dai, nani atabisha? Dai ni kitu ambacho mtu mwenye akili zake anaweza kukaa kijiweni akakukatalia. La dogo linabishika, sawa, ila limetanuka mno. Jangwani kwa mfano pale ni bondeni kwa mto Msimbazi, maji yanashuka kutoka milima ya Pugu yanatafuta bahari upande wa Salenda, hata mngefagia mji mzima ikipiga mvua ya maana patajaa tu. Kwahiyo tukalibana: mitaro ya Tandale ikiziba taka, hata mvua ya kawaida inaingiza maji ndani. Hilo sasa unaweza kulishika mkononi. (Na "ukweli usiopingika" nimefuta, ukiona mtu anaanza hivyo ujue ushahidi hana.)

Ushahidi. Picha moja ni mtaro mmoja siku moja, basi. Nikamtuma kwa mama anayekaanga vitumbua pembeni ya mtaro, akamwonyesha mstari wa tope ukutani kwake, unafika magotini, akamwambia mvua ya vile vile kabla mtaro haujaziba ilikuwa inaishia kizingitini. Hiyo ina uzito kuliko picha kumi za chupa, maana inalinganisha kabla na baada, ukuta ni ule ule.

Sasa hapa ndo wengi tunapoanguka. Dogo alikuwa kaweka na takwimu, sensa ya 2012 Dar ilikuwa na watu 4,364,541 na ya 2022 ikawa 5,383,728. Namba tamu, za kweli, nikamuuliza "kwahiyo?" Akanyamaza. Watu kuongezeka milioni moja na ushee hakuzibi mtaro peke yake, lazima useme kinachounganisha: watu wengi taka nyingi, na gari la taka kwenye vichochoro vyao halifiki, na hilo la gari nalo ulionyeshe sio ulidhanie. Kuna mwanafalsafa wa Uingereza, Stephen Toulmin, mwaka 1958 alichambua hoja akatenganisha dai, ushahidi, na kile kinachotoa ruhusa ya kutoka kwenye ushahidi kwenda kwenye dai. Mara nyingi hicho cha tatu mwandishi anakiacha kichwani kwake akidhani msomaji anacho pia. Kila ukiweka ushahidi jiulize "kwahiyo?", na jibu liandike.

Alafu mpinzani wako mlete mwenyewe, usisubiri akuvizie. Mtu yeyote wa Dar atakwambia mbona Desemba 2011, mvua ilikuwa kubwa kupita kiasi, watu wa mabondeni wakahamishiwa Mabwepande, hapo utalaumu chupa? Jibu: hapana, kwa mvua ile dai langu halisemi kitu, mimi naongelea mvua za kawaida. Ukikubali pale unapozidiwa msomaji anakuamini kwenye yaliyobaki, mimi naona hii inashawishi kuliko takwimu zote. Na usiogope kuandika "mara nyingi" au "kwa mitaro niliyoiona", sio woga, ni kupima.

Mpangilio wa aya sijamsumbua nao, atajua mwenyewe.

Kilichobaki ni picha ya pili, ukuta ule ule wa mama wa vitumbua baada ya mvua nyingine. Vijana wa mtaa wamezibua mtaro Jumamosi, dogo anasubiri inyeshe.