Maji ya kunywa Dar es Salaam: anza kwa kujua yalikotoka

Kabla ya kuyatibu maji ya kunywa, fahamu kwanza yametoka wapi, kwa sababu maji ya bomba ya DAWASA (mamlaka ya maji ya Dar es Salaam), ambayo kwa sehemu kubwa huchotwa Mto Ruvu na kusafishwa katika mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini, hayana kasoro zilezile za maji ya kisima kilichochimbwa uani, hatua chache kutoka shimo la choo.

Maji ya bomba hutoka mtamboni yakiwa na klorini, lakini huweza kuchafuka njiani, hasa penye mgao. Yakikatika, msukumo ndani ya bomba hushuka, na maji machafu ya ardhini hufyonzwa kupitia nyufa na maungio yaliyolegea. Kwa hiyo yanaporudi, kinga yale ya mwanzo kwenye ndoo ya kufulia mpaka yatakate, ndipo ujaze tangi. Tangi nalo lifunikwe na kusafishwa mara kwa mara: ukifungua lililokaa muda mrefu utakuta tope laini chini na utelezi kwenye kuta, na utelezi huo hula klorini na kuhifadhi vijidudu.

Kwa maji ya kisima, weupe usikudanganye. Kuchemsha huua vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo, lakini hakuondoi chumvi, ambayo ni kero ya visima vingi vya karibu na bahari, wala nitrati, kemikali itokayo vyooni. Tena huzizidisha kidogo, kwa kuwa maji hupungua kwa mvuke. Nitrati ni hatari zaidi kwa mtoto mchanga, hivyo maji ya kisima kisichopimwa yasitumike kukorogea maziwa yake ya kopo. Maji ya boza au ya mkokoteni yatibiwe daima, hata muuzaji akiapa kwamba ni ya DAWASA.

Maji yenye tope yaache yatuame, yachuje kwa kitambaa safi, kisha yachemshe mpaka yatokote kwa nguvu kwa dakika 1 au zaidi. Asiyetaka kumaliza mkaa au gesi atumie vidonge vya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, afunike na kusubiri dakika 30. Harufu hafifu ya klorini, ambayo wengi huilalamikia, ni dalili njema. Yahifadhi kwenye ndoo yenye mfuniko na koki, kwani kikombe kinachotumbukizwa na kila mkono hurudisha uchafu uliokwisha kuondolewa.

Mwenye kisima apeleke sampuli kwenye maabara ya maji au kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, katika chupa iliyotakaswa na kuwekwa kwenye barafu, siku ileile ya kuchota. Bakteria wa kinyesi wasionekane kabisa katika mililita 100, na nitrati isizidi miligramu 50 kwa lita, kiwango cha Shirika la Afya Duniani. Nitrati ikizidi, kisima hicho kibaki cha kufulia na kupigia deki.