Kuchangamsha Darasa la Kihispania kwa Kadi: Nomino Isitembee Bila El au La

Wiki iliyopita nilimsaidia mwalimu mwenzangu hapa Kirumba, anayewafundisha Kihispania vijana wanaojiandaa kuongoza watalii, kupanga michezo ya dakika 10 za mwanzo wa kipindi. Lengo lilikuwa kila nomino ijifunzwe pamoja na neno dogo linaloitangulia: el kwa nomino za kiume, la kwa nomino za kike. Tulifuata hatua hizi.

Hatua ya 1. Kata kadi kutoka kwenye maboksi ya dukani. Upande mmoja chora picha, na upande wa pili andika neno la Kihispania bila tafsiri. Ninazipendelea kadi kuliko programu za simu, kwa sababu mwenye simu huinama akajifunza peke yake, ilhali kadi hulifanya darasa zima litazamane na kusemeshana.

Hatua ya 2. Chagua maneno 12 ya vitu ambavyo wanafunzi huviona kila siku: el lago (ziwa), la piedra (jiwe), el barco (meli), la red (wavu). Weka pia el pez, samaki aliye hai majini, na el pescado, samaki aliyekwisha kuvuliwa, kama sato anayeuzwa soko la Mwaloni.

Hatua ya 3. Chora mstari wa chaki katikati ya sakafu, upande mmoja uwe wa el na mwingine wa la. Unapoinua kadi, kila mwanafunzi anarukia upande anaoudhani, kisha wote wanatamka neno pamoja na el au la yake. Hapa ndipo nilipowahi kupoteza muhula mzima: nilifundisha maneno matupu, nikiamini kwamba el na la zingekuja zenyewe baadaye, na wanafunzi wakajitungia kanuni kwamba kila neno linaloishia na -o huchukua el na kila linaloishia na -a huchukua la. Kanuni hiyo husaidia mara nyingi, lakini inakwama kwenye la mano (mkono), el día (siku) na el mapa (ramani), na haisemi lolote kuhusu la red. Kwa hiyo changanya maneno hayo tangu siku ya kwanza. Agua (maji) liache hadi wiki ya pili, kwa kuwa ni neno la kike linalotanguliwa na el kwa sababu tu linaanza na a yenye mkazo. Kivumishi chake hubaki cha kike, el agua fría (maji baridi), na katika wingi husemwa las aguas. Anayelalamika mkumbushe ngeli: hakuna anayesema “kisu mkali”, na hapa pia kivumishi hufuata nomino yake, el barco blanco (meli nyeupe), la piedra blanca (jiwe jeupe).

Hatua ya 4. Mchezo wa sokoni. Wa kwanza anasema “Compro el pescado” (nanunua samaki), wa pili anarudia na kuongeza “y la piña” (na nanasi), na hivyo hivyo hadi mmoja akosee. Ñ haiwasumbui, kwani ni ny yetu.

Kadi zilizokosewa zifunge kwa mpira, kipindi kijacho kianze nazo.