Jinsi ya kueleza mmea kwa maneno hadi asiyeuona autambue: hatua kwa hatua

Picha moja ya maua ya manjano na majani yaliyogawanyika haitoshi. Kandokando ya barabara ya Kisumu kwenda Busia, ukipita Maseno na Luanda, kuna miti miwili inayofanana na picha hiyo: siala, ambao Waluhya huuita lusiola (Markhamia lutea), na kasia (Senna spectabilis), uliotoka Amerika ya kitropiki. Nikitumiwa picha ya namna hiyo na kuulizwa ni mti gani, mimi huuliza kwanza: majani yanakabiliana au yanapishana? Mwenye jibu la swali hilo huwa tayari ameshautambua.

Ninatunza kitalu cha miche ya kienyeji, na mara kwa mara huandamana na watu wanaokusanya sampuli za mimea upande wa Kakamega. Mwongozo huu ni wa mwanafunzi, mwenye kitalu au mkulima anayetaka maelezo yake yamfikie mtaalamu bila kupotea njiani. Vitabu vingi vya shule huanza na umbo la jani. Mimi naanza na mahali kiungo kilipoota, halafu umbo, na ukubwa na rangi baadaye. Umbo hubadilika kwa jua, umri na rutuba ya udongo. Mahali pa kuota hapabadiliki kirahisi hivyo. (Mikaratusi hukaidi kanuni hii: miche yake huwa na majani yanayokabiliana, na mti ukikomaa majani yanapishana.)

Beba rula, wembe, daftari, penseli na lenzi ndogo ya kukuza mara 10. Nasisitiza penseli kwa sababu Kakamega hupata takriban milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na wino wa kalamu ukilowa husambaa. Msitu wenyewe unalindwa, kwa hiyo usikate hata tawi bila kibali cha KFS (Shirika la Misitu la Kenya) au KWS (Shirika la Wanyamapori la Kenya), kutegemea upande uliopo. Mazoezi yote yaliyo hapa yanaweza kufanywa kwa mimea ya shambani na sokoni.

Hatua ya 1: Tazama mmea mzima

Andika kwanza kama ni mti, kichaka, mmea mwororo usio na mbao, au mtambaa. Mti una shina moja kuu. Kichaka hutoa mashina kadhaa kutoka chini. Mgomba si mti, hata ukiwa mrefu kuliko nyumba. Kile kinachoonekana kama shina ni vitako vya majani vilivyokumbatiana, nawe ukikikata utaviona tabaka kwa tabaka. Kwa mimea inayopanda, sema inapanda kwa nini. Nderema hujizungusha kwa shina lake lenyewe, lakini mkarakara hushika kwa vikono vinavyoota kwenye makwapa ya majani, yaani pembe kati ya jani na shina.

Kagua shina: ni la mviringo au lina pembe? Lina pango ndani au limejaa? Ukiwa Dunga, ukingoni mwa Ziwa Victoria, shika bua la mafunjo na ulizungushe kati ya vidole. Utahisi pembe tatu wazi, wala hutapata kifundo chochote hadi juu. Nyasi za kawaida zina bua la mviringo lenye vifundo. Kwa tofauti hiyo tu umeshatenganisha makundi mawili makubwa ya mimea bila kuona ua.

Andika papo hapo vitu vitakavyopotea sampuli ikikauka: rangi ya ua, harufu ya jani lililofikichwa, na utomvu. Mwiritsa (Prunus africana), ambao magome yake yameandamwa hadi biashara yake ya kimataifa ikawekwa chini ya mkataba wa CITES mwaka 1995, hutoa harufu ya lozi ukifikicha majani yake. Mkuyu hutoa utomvu mweupe. Ila usionje mmea usioujua, na usipanguse jicho ukiwa umeshika mnyaa wa ua wa boma. Utomvu wake huumiza macho vibaya sana.

Hatua ya 2: Tafuta kifundo, kwapa na jicho

Hapa ndipo pa kukaa. Kifundo ni mahali jani linapoungana na shina. Nafasi kati ya kifundo na kifundo ni pingili. Pembe ya juu kati ya jani na shina ni kwapa, na ndani ya kwapa kuna jicho, chipukizi ndogo itakayokuwa tawi au ua. Wanaounganisha miche ya maembe na maparachichi wanalijua jicho hilo vizuri kuliko wanafunzi wengi wa biolojia.

Sasa hesabu majani kwenye kifundo kimoja. Likiwa moja, na linalofuata liko upande mwingine au limezunguka kidogo, majani yanapishana: mwembe, mparachichi, mnavu. Yakiwa mawili yakitazamana, yanakabiliana: mpera, mkahawa. Yakiwa matatu au zaidi kwenye kifundo kimoja, yamezunguka. Chagua tawi lililokomaa, na ukague vifundo kadhaa kabla ya kuandika, kwa sababu kwenye ncha changa pingili ni fupi mno na majani yanayopishana huonekana kama yanakabiliana.

Angalia pia kama kuna stipuli, vijani vidogo vinavyoota kando ya kitako cha kikonyo (kijiti kinachobeba jani). Kwa mkahawa zipo kati ya vikonyo viwili vinavyokabiliana. Kwa mkuyu stipuli hufunika chipukizi ya ncha kwa kofia iliyochongoka, kisha huanguka na kuacha kovu la mviringo linalozunguka tawi. Kovu hilo pamoja na utomvu mweupe vinatosha kukupeleka kwenye jamii ya mikuyu hata kama mti hauna tunda.

Hatua ya 3: Amua kama ni jani moja au vijijani vingi

Wengi hukwama hapa, na dawa yake ni lile jicho. Jani lina jicho kwenye kwapa lake, kijijani hakina. Ukishika kipande cha kijani usijue ni jani zima au sehemu ya jani, fuata kikonyo chake kuelekea shina. Pasipo na jicho, endelea kushuka. Ukifika penye jicho, hapo ndipo jani linapoanzia, na yote yaliyo mbele ya hapo ni jani moja.

Jani lenye vijijani huitwa jani changamano. Vijijani vikipangwa pande mbili za mhimili mmoja, ni changamano la unyoya. Vikitoka vyote kwenye nukta moja, ni changamano la kiganja. Mitoo na kunde huwa na vijijani vitatu, saga mara nyingi vitano.

Muhogo nao? Jani lake limepasuka sana, karibu kufika kwenye kikonyo, na wengi huliandika kuwa changamano. Lichunguze kwenye kiini: bapa (sehemu pana ya jani) linaendelea, halijatengana. Kwa hiyo ni jani sahili lenye mapande. Liweke kando ya jani la saga, ambalo vijijani vyake unaweza kuving'oa kimoja kimoja bila kuvichana, na hutauliza tena.

Turudi kwa miti yetu miwili ya maua ya manjano. Yote ina majani changamano ya unyoya. Ya siala yanakabiliana kwenye tawi, na kila jani huishia kwa kijijani kimoja nchani, kwa hiyo vijijani ni idadi witiri. Ya kasia yanapishana, na jani huishia kwa jozi, kwa hiyo idadi ni shufwa. Huhitaji ua wala tunda.

Hatua ya 4: Bapa la jani

Hapa sikai sana. Kwa umbo, sema sehemu pana zaidi iko wapi: karibu na kikonyo ni umbo la yai, karibu na ncha ni yai lililopinduliwa, katikati ni duaradufu, jembamba lililochongoka ni la mkuki. Kisha sema ncha ikoje, kitako kikoje (cha mviringo, cha moyo, kilichochongoka), na ukingo ukoje. Ukingo wa mwiritsa una meno madogo. Wa mrenda pia una meno, lakini yale mawili ya chini kabisa, karibu na kikonyo, yamerefuka kuwa nyuzi mbili nyembamba. Alama hiyo huonekana hata kwenye fungu lililonyauka sokoni.

Geuza jani kila mara. Musine, yaani Croton megalocarpus, una rangi ya fedha upande wa chini. Kwa lenzi utaona vinyweleo, na useme kama viko juu, chini au kote, na kama vinanata. Kikonyo nacho kisisahauliwe. Kwa gugu maji la Ziwa Victoria kimevimba na kujaa hewa, ndiyo sababu linaelea.

Pima majani kadhaa ya katikati ya tawi na uandike kiasi cha chini na cha juu. Achana na machipukizi ya kisiki; majani yake huwa makubwa kuliko kawaida na yatampotosha msomaji.

Hatua ya 5: Ua, kutoka nje kuelekea ndani

Pasua ua kwa wembe toka juu hadi kikonyoni, ulisome kwa mpangilio huu: sepali (vijani vya nje vinavyoshika ua), petali (zile zenye rangi), stameni, pistili. Kwa kila duara andika idadi, na kama sehemu zake zimeachana au zimeungana. Stameni ndizo zinazobeba chavua. Pistili iko katikati: stigma juu, shingo, halafu ovari yenye mbegu changa. Carl Linnaeus, aliyepanga mimea yote aliyoijua kwenye karne ya 18, aliigawa katika matabaka kwa kuhesabu stameni hasa. Mpango wake uliachwa, lakini kuhesabu stameni bado kunalipa.

Siala: petali 5 zilizoungana kuwa tarumbeta, yenye mistari myekundu kooni, na stameni 4. Kasia: petali 5 zilizoachana, na stameni 7 zenye chavua pamoja na 3 zilizodumaa. Ukishajua hilo, chukua ua la Spathodea, ule mti wa maua mekundu ya moto, na la jakaranda. Utakuta tarumbeta tena, stameni 4 tena, na majani changamano yanayokabiliana. Ni jamii moja na siala, na rangi ya ua ingekuficha jambo hilo kabisa.

Swali jingine kubwa: ovari iko juu au chini ya petali? Unaweza kulijibu jikoni. Nyanya ina sepali upande wa kikonyo, kwa hiyo ovari ilikuwa juu yake. Pera lina mabaki ya sepali upande wa pili, nchani, kwa hiyo ovari ilikuwa chini. Ua la kike la malenge huonyesha jambo hilo kabla hata halijafunguka: kuna kimalenge kidogo chini yake.

Tahadhari na maua yanayojidai kuwa moja. Yale maua amalulu ya kando ya barabara, Tithonia, ni kundi la maua madogo kwenye kitako kimoja. Kila "petali" ya nje ni ua zima, na katikati yamebanana mengine mengi. Mkuyu huyafungia maua yake ndani ya kile tunachokiita tunda. Mhindi nao umetenganisha jinsia: mbelewele ya juu ni ya kiume, gunzi la kwapani ni la kike, na kila uzi wa ndevu zake unaelekea kwenye punje moja.

Hatua ya 6: Tunda

Sema ni la nyama au kavu, linapasuka au halipasuki, na lina mbegu ngapi. Tunda la siala ni refu, bapa, linaning'inia, na likipasuka hutoa mbegu zenye mabawa membamba. La kasia ni la mviringo kama penseli nene.

Hatua ya 7: Andika

Fuata mpangilio uleule: mmea mzima, mpangilio wa majani, aina ya jani, bapa, ua, tunda. Futa "kubwa", "zuri" na "la kawaida", weka sentimita. Jina la kienyeji liandike pamoja na lugha na mahali ulipolisikia, na uliweke mwisho, lisije likakushawishi kuona usichokiona. Mfano wa saga (Cleome gynandra), dek kwa Waluo, tsisaga kwa Waluhya:

"Mmea mwororo wa msimu, umesimama, sm 50–90, mzizi mkuu mmoja. Shina lina vinyweleo vinavyonata. Harufu kali jani likifikichwa. Majani yanapishana, changamano la kiganja, kikonyo kirefu. Vijijani 5, mara chache 3 au 7, umbo la yai lililopinduliwa. Maua kwenye ncha ya shina, mengi, kila moja kwapani mwa jani dogo lenye vijijani 3. Petali 4, nyeupe au waridi hafifu, zimeachana. Stameni 6, zinaota katikati ya kikonyo kirefu kinachobeba ovari. Tunda kavu, jembamba, hadi sm 12, linapasuka; mbegu nyeusi, za mviringo, zenye mikunjo."

Kabla hujatuma, msomee maelezo mtu aliye na mafungu ya mboga mbele yake, mathalani muuzaji wa soko la Kibuye mjini Kisumu, bila kutaja jina wala kuonyesha kidole. Akisitasita kati ya mafungu mawili, muulize ni kitu gani kingemwamulia. Jibu lake liandike kwenye mstari unaohusika.