Nyenje: Kipimajoto Kiko Ukutani, Mayai Yako Sakafuni

Kipupwe kikishaingia, wafugaji wa nyenje kuanzia Uyole hadi Makambako, huku Nyanda za Juu Kusini, huleta lalamiko moja: mayai hayaanguliwi, tumeuziwa mbegu mbovu. Mbegu, yaani nyenje wazazi walionunuliwa, haina kosa. Nenda bandani utakuta beseni la mchanga lenye mayai limekaa juu ya saruji, na kipimajoto kimening'inizwa ukutani usawa wa kifua.

Hewa ya moto hupanda juu. Kipimajoto cha ukutani kinaweza kusoma nyuzi 28 huku mchanga wa beseni lililo sakafuni ukiwa nyuzi 18, kwa sababu saruji ya huku kwetu mwezi Juni hadi Agosti hunyonya joto usiku kucha. Mayai yakiwa kwenye nyuzi 30 huanguliwa kati ya siku 10 na 13. Joto likishuka hadi 25, subiri karibu siku 20. Chini ya 20, mengi hukaa tu mpaka yaote ukungu.

Sasa, aliyesikia "siku kumi" kutoka kwa mwenzake wa Dar es Salaam au Kyela humwaga beseni siku ya 14, akatupa mayai yaliyokuwa hai. Jike hutaga kwa wiki chache, kisha hufa. Mwaga mabeseni matatu mfululizo uone: wakubwa wamekwisha, vitoto hakuna, unarudi kununua mbegu upya.

Chomeka ncha ya kipimajoto ndani ya mchanga wenyewe, kina cha sentimita 1, maana huko ndiko jike anakoshindilia mayai. Soma saa 12 asubuhi, baridi ikiwa imefika mwisho wake. Kusoma saa 8 mchana ni kujidanganya. Namba iandike kila siku, usitegemee kichwa. Ya asubuhi ikiwa chini ya 26, bado hujawapa joto.

Kwa asiye na umeme, njia rahisi ni masanduku mawili ya mbao, moja ndani ya jingine, yakiachana sentimita 10 kila upande na chini pia. Jaza nafasi hiyo maranda makavu. Mafinga maranda ni takataka, lakini usichukue ya mbao zilizotiwa dawa: dawa iliyowekwa kuua mchwa itaua na nyenje. Sanduku la ndani lienee beseni la mayai na dumu la lita 5 la maji ya moto, lisigusane na beseni. Funika kwa blanketi, ukiacha upenyo wa vidole viwili hewa ipite. Badilisha maji saa 12 jioni, saa 5 usiku na saa 11 alfajiri. Ndiyo, saa 5 usiku. Anayelala mpaka asubuhi asiniulize kwa nini mayai yamekufa. Sanduku lote likae juu ya meza ya sentimita 80.

Mwenye umeme afunge balbu ya waya ya wati 60. Taa za LED zinawaka vizuri ila joto lake ni dogo mno, na bado kila mwaka watu wanazifunga. Jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa sitaki hata kulisikia: gesi yake haina harufu, na wewe unaweza kutangulia kabla ya nyenje.

Joto lina gharama yake, nayo ni ukavu. Mchanga uwe na kina cha sentimita 4. Ukiufinya ushikane bila kuchuruza maji. Nyunyiza kidogo kila asubuhi, maji yawe vuguvugu. Ya bomba ya alfajiri yanarudisha mayai kwenye baridi uliyoifukuza usiku kucha. Na beseni lisikae na wakubwa zaidi ya saa 48, saa 24 zikitosha ni bora: wanafukua na kula mayai yao, na yanayobaki huanguliwa kwa siku tofauti, wadogo wakaliwa na waliowatangulia.

Vitoto vikitoka utaviona, ni kama sisimizi. Maji yao yawe kwenye sponji, maana kwenye kisahani wanazama. Usiwahamishie chumba baridi siku hiyohiyo. Wabaki kwenye joto lilelile wiki mbili za kwanza.